Riwaya ya Burudani na Msomaji wa Wiyoni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa riwaya katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni riwaya dhati, ambayo huandikiwa makala, huwekwa katika mitaala na kutahiniwa. Fungu la pili ni riwaya pendwa, yaani hadithi za mapenzi, za upelelezi na za maajabu, ambazo hununuliwa vibandani, huazimwa kwa zamu mpaka majalada yakachanika, na kutajwa na mhakiki kwa sentensi moja tu, nayo ya kulaumu. Msimamo huo ulikuwa na sababu zake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fasihi ilitakiwa ijibu swali la inamtumikia nani. Na hadithi ya mpelelezi mwenye bastola na gari la kifahari ilionekana haimtumikii mkulima wala mfanyakazi. Lakini hoja iliyokuwa na nguvu wakati ule haina budi kupimwa upya, kwa kuwa mgawanyo wenyewe umeendelea kuishi baada ya hoja iliyouzaa kudhoofika. Makala haya yanazichunguza aina tatu za riwaya ya burudani kwa kumweka msomaji wa namna moja mbele ya macho: msomaji wa mtaa wa Wiyoni, mjini Lamu.

Uteuzi wa Wiyoni si wa kubahatisha. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mgeni anayefika huko huja kuiona milango iliyonakshiwa, vichochoro na nyumba za mawe. Wiyoni uko nje ya kiini hicho. Ni mtaa wa watu wanaoishi Lamu siku zote za mwaka, wageni wawepo au wasiwepo. Jambo hili lina uzito katika mada ya riwaya ya burudani, maana majira ambayo mgeni huyaita mapumziko, kwa mwenyeji ni majira ya kazi: kuendesha mashua, kupika, kufua mashuka ya nyumba za wageni. Kitabu ambacho mgeni hujilaza nacho ufukoni kimeandikwa kwa lugha nyingine. Na kama mandhari yake ni pwani ya namna ya Lamu, basi mwenyeji humo aghalabu ni nahodha mwenye tabasamu pana na maneno machache. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mwenyeji huyo akishamaliza kazi yake, ana kitabu gani cha Kiswahili cha kujipumbaza nacho? Na akikifungua, humo atajikuta au hatajikuta?

Ieleweke kwamba msomaji huyu hatoki katika ukame wa fasihi. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, aliuandika Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Visiwa hivi viliipa lugha ya Kiswahili sehemu kubwa ya urithi wake wa ushairi. Nathari ya burudani, kinyume chake, iliingia kwa mlango mwingine. Ilikuja kwa herufi za Kirumi na kwa lahaja ya Unguja iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na mwanzo wake ulikuwa tafsiri: Mashimo ya Mfalme Sulemani ilichapishwa mwaka 1929, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza msomaji wa Lamu alikuwa mgeni mara mbili katika kitabu cha kujiburudishia, kwa kisa na kwa lugha. Mengi yanayofuata yana mzizi katika hali hiyo.

Katika aina zote tatu, ile iliyokaribia zaidi kumpokea msomaji wa namna hii ni riwaya ya upelelezi, na hasa ile ya Muhammed Said Abdulla. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Shujaa wa zote ni Bwana Msa, mtu asiye na cheo cha polisi, mwenye kiko chake, akiandamana na rafiki yake Najum.

Kwa sababu ya kiko na rafiki, Bwana Msa amekuwa akiitwa Sherlock Holmes wa Unguja. Ufanano upo, wala mtunzi hakuuficha. Hata hivyo ni ufanano wa mavazi. Holmes huishi London, mji wa mamilioni wasiojuana, na ustadi wake ni kumsoma mtu asiyemjua kwa tope lililoganda kiatuni mwake. Bwana Msa anaishi mahali ambapo watu wanajuana. Hapo alama za viatu hazifiki mbali. Kinachofika mbali ni kujua nani alimwoa nani, nani alilelewa nyumba gani, na kwa nini fulani aliondoka shambani mwaka ule asirudi tena. Kama ni lazima atafutiwe ndugu katika fasihi ya Kiingereza, basi ndugu yake ni Miss Marple wa Agatha Christie, yule bikizee wa kijijini aliyeanza kuonekana katika riwaya mwaka 1930, ambaye huutatua uuaji kwa kukumbuka tabia za majirani zake. Aina hiyo ya hadithi, ambayo damu yake haimwagiki mbele ya msomaji, mpelelezi wake ni raia wa kawaida, na mtuhumiwa ni mtu aliyenywa chai na marehemu, imepata wasomaji wengi upya duniani. Alexander McCall Smith aliihamishia Botswana mwaka 1998 kwa Precious Ramotswe, na wachapishaji wa Kiingereza wakaisifu kana kwamba ni jambo jipya katika bara hili. Msomaji wa Kiswahili alikuwa ameshaipata miaka 38 nyuma.

Siri katika riwaya za Abdulla hukaa ndani ya nasaba. Maiti huonekana mzimuni, watu wakanong'ona juu ya watu wa kale, lakini Bwana Msa huuacha mzimu ulivyo akaenda kuuliza juu ya ndoa, urithi na watoto. Nyuma ya kosa huwapo mtu ambaye si yule anayedhaniwa kuwa: mtoto aliyefichwa, ndugu asiyejulikana, jina lililobadilishwa. Wahakiki wameiona tabia hii kuwa udhaifu wa msuko, kwamba mtunzi anarudia hila moja. Hukumu hiyo inaweza kupingwa. Katika mwambao, nasaba si pambo. Ndiyo inayoamua nani aketi wapi, nani amwoe nani, na nani aitwe mwenyeji hata kama wote wamezaliwa mtaa mmoja. Lamu yenyewe ilijengwa juu ya tofauti ya aliye ndani ya nyumba ya mawe na aliye nje yake, na ukoo ndio uliokuwa ufunguo wa mlango. Hadithi ambayo fumbo lake lote linafumbuliwa kwa kuonyesha kwamba nasaba huweza kufichwa, kununuliwa au kutungwa, inagusa mahali ambapo riwaya nyingi za dhati zimepaota kwa mbali tu. Na inafanya hivyo huku msomaji akicheka.

Kucheka huko hakuna budi kutiliwa mkazo. Kiswahili cha Abdulla ni cha barazani: kina utani, kejeli, mafumbo ya maneno, na watu wazima wanaobishana kama watoto juu ya jambo dogo huku jambo kubwa likipita. Mtu aliyekulia katika mji wa mabaraza hahitaji kufunzwa jinsi ya kusoma lugha hiyo. Anaisikia.

Kasoro zake nazo zisifichwe. Ulimwengu wa Bwana Msa ni ulimwengu wa wenye mashamba na wenye nafasi. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea mwaka 1964, na riwaya sita kati ya saba zilizotajwa zilitoka baada yake. Lakini mazingira yake kwa sehemu kubwa ni yale ya kabla. Mtumishi na mkwezi huingia hadithini kama mashahidi, huulizwa walichokiona, wakaondoka. Mwanamke huonekana zaidi kama sababu ya siri kuliko kama mtu mwenye uwezo wa kuifumbua. Msomaji wa Wiyoni akikichukua Kisima cha Giningi atamfurahia Bwana Msa, lakini huenda akajiuliza yeye mwenyewe angepewa nafasi gani, na jibu ni kwamba angemfungulia bwana mlango.

Waandishi waliofuata hawakuiendeleza njia hii. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alimpeleka mpelelezi mjini na kumvisha cheo: Wingo ni inspekta wa polisi. Elvis Musiba alimtoa nje ya nchi kabisa. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979) ni jasusi, na adui zake ni maadui wa ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango na jiji la Dar es Salaam lenye taa na mabaa. Vitabu hivi vilisomwa sana na vilistahili kusomwa. Mwendo wao ni wa kasi, na Musiba hasa aliupa uzalendo sura ambayo kijana alitamani kuivaa. Ila siri ilihama. Ilitoka katika ukoo ikaenda katika dola, na pale ilipohama, mji mdogo ulipoteza kazi yake katika hadithi. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenziwe hapamfai jasusi, kwa kuwa watu watakuwa wamekwisha kuuliza yeye ni mgeni wa nani kabla hajashusha mkoba.

Ndiyo sababu inashangaza kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ambayo mtaa wa Lamu ndio ufunguo wa fumbo lake ni nadra mno kuipata. Hakuna mji katika mwambao wenye zana zaidi za kazi hiyo. Daka la mlangoni humpokea mgeni bila ya kumwingiza ndani. Zidaka za ukutani zimepangwa vyombo, na chombo kimoja kikihamishwa mwenye nyumba hutambua. Zaidi ya yote lipo wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba na nyumba, kwa njia ambayo wanawake waliweza kupita bila ya kushuka njiani. Mpelelezi mwanamume wa aina ya Bwana Msa angekaa barazani akauona mlango mmoja tu usiku kucha, akaapa kwamba hapana aliyetoka, na angekosea. Anayezijua njia za juu ni mwanamke: somo wa mabibi arusi, mshonaji, mfumaji wa kofia, au mfanyakazi anayekuja asubuhi kutoka Wiyoni na kurudi magharibi, ambaye huingia nyumba tano kwa siku na hakuna anayenyamaza kwa ajili yake. Mtu huyo ni mpelelezi kamili aliyekwisha kuumbwa na jamii. Kinachosubiriwa ni mtunzi. Angeondoa kasoro zote mbili za Abdulla, ya tabaka na ya jinsia, bila ya kuhutubia hata kidogo.

Riwaya ya mapenzi ina tatizo la namna nyingine. Hadithi ya mapenzi ya likizo, jinsi inavyoandikwa Ulaya na Marekani, imejengwa juu ya mtu anayeacha kazi yake kwa wiki mbili, akaenda mahali penye jua, akampenda mtu asiyemjua, kisha akalazimika kuchagua baina ya penzi na nyumbani. Muundo huo hauhamishiki kwa urahisi katika Kiswahili, maana likizo ya ufukoni haimo katika maisha ya wasomaji walio wengi. Anayeishi ufukoni hawezi kwenda ufukoni kupumzika. Kwa hiyo riwaya ya mapenzi ya Kiswahili ilishika njia ya pesa. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), Idi humtumia Bahati kama njia ya kuufikia utajiri wa Mwinyi, na msomaji huzitazama kiu tatu zikikaushana. Kwa ufundi wa kusuka nia za watu, hapana riwaya ya mapenzi ya Kiswahili inayoipita kwa mbali. Z. Burhani, mwandishi wa kike, aliandika Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987). Katika riwaya hii ya pili Monalisa anarudi nyumbani kutoka masomoni ng'ambo, na nyumbani hapamkai tena. Hadithi za Burhani huegemea mno sadfa, na barua hupotea pale hasa msuko unapotaka zipotee. Lakini sebule zake, na wanawake wanavyozungumza humo, zina ukweli ambao haumo katika riwaya nyingi za wanaume wa wakati wake.

Hata hivyo mwambao unao muundo wake wa penzi la majira, mkongwe kuliko utalii. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Baina ya pepo hizo mbili mabaharia kutoka Arabuni na Ghuba walikaa bandarini miezi kadhaa, na wako waliooa. Upepo ulipogeuka, kila nyumba yenye ndoa ya namna hiyo ilikuwa na swali lake. Je, atarudi? Akirudi, atakuwa yule yule? Na mtoto ataitwa wa nani? Huo ndio mfupa wa hadithi ya mapenzi ya likizo, tofauti ikiwa kwamba mhusika mkuu si yule anayeondoka bali ni yule anayebaki. Utalii umeileta hali hiyo tena kwa sura mpya, kwa ndege badala ya jahazi. Baada ya visa vya utekaji nyara vya mwaka 2011 wageni wakapungua ghafla, na wapo walioachwa na kazi, ahadi na barua zisizojibiwa. Mapenzi yanayotegemea msimu hayana uhuru wa kuchagua wakati wa kuagana. Hilo ni jambo zito, na riwaya ya Kiswahili imelipita kama halipo.

Waliolikaribia ni wachache. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute (1999), ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, alionyesha jinsi penzi la Yasmin na Denge linavyoweza kubeba siasa nzima ya Unguja ya ukoloni bila ya kuacha kuwa penzi. Lakini hiyo ni Unguja, na vitabu vya Shafi vimekwisha kupewa kiti katika fungu la dhati. Kisiwa cha Pate kilipata riwaya yake kubwa mwaka 2019, The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, inayomfuata msichana Ayaana kutoka kisiwani humo hadi China. Ni kazi ya juu. Imeandikwa kwa Kiingereza, ikinyunyiziwa maneno ya Kiswahili, na mtu wa visiwani anayetaka kujisoma humo hana budi kupitia lugha ya shule. Kwamba njia ya kurudi ipo kumeonyeshwa na Ida Hadjivayanis, ambaye mwaka 2022 aliirejesha Paradise ya Abdulrazak Gurnah katika Kiswahili kwa jina la Peponi.

Kuhusu riwaya ya maajabu yanaweza kusemwa machache zaidi. Si kwamba mifano imekosekana, ila tatizo lake ni moja, nalo limekuwapo tangu mwanzo. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alichukua kisa chenye asili katika Alfu Lela Ulela akatupa Mfalme Rai, liwali Adili, ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na mji mzima ambao watu wake wamekuwa mawe. Msomaji wa Lamu, mtoto wa mji wa mawe unaolindwa usibadilike, anaweza kuusoma mji ule kwa maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Lakini Shaaban Robert hamwachi manyani akawa nyani kwa kurasa mbili bila ya kulifanya somo. Majina yenyewe, Hasidi na Mwivu, yametangaza hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Baada yake maajabu yalipewa kazi nyingine, lakini hayakuachiwa kustarehe. Said Ahmed Mohamed aliigeuza Giningi, nchi ya wachawi katika imani za Unguja na Pemba, kuwa dola ya kidhalimu chini ya Bi Kirembwe katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi (1990), na Babu Alipofufuka (2001) ikafuata njia hiyo hiyo ya kuisema siasa kwa kinywa cha mfu. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliyafanya maajabu kuwa falsafa. K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), aliyafanya kuwa ramani ya utandawazi. Hizi ni kazi zenye akili nyingi, na uhakiki umezishughulikia inavyostahili. Ila katika zote jini si jini. Ni mtawala, au ni historia, au ni nafsi.

Kwa upande wa pili Bwana Msa huja na kuonyesha kwamba mzimu haukuua mtu. Basi msomaji anayetoka katika mji ambao majini yana mitaa na miti yao, na ambako bibi huyataja kwa sauti ya chini baada ya magharibi, amekosa kitabu kinachomchukulia jini kama mkaazi. Amekipata kwingine. Filamu za Tanzania za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta, zilimletea mizuka isiyokuwa istiari ya lolote. Na hadithi za majini wapenzi zinazotolewa kwa vipande katika simu zimeendelea na kazi hiyo. Nyingi zimeandikwa ovyo. Tahajia yake humtia mwalimu uchungu, na mwandishi hurefusha kisa kwa kuwa vipande ndivyo vinavyolipa. Lakini zinaelewa jambo ambalo riwaya dhati imelisahau, kwamba ajabu hutisha pale tu inapoaminika kwa dakika moja kuwa kweli. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na sindano hiyo ikashikwa na mwanawe, kimeishi katika nchi ya Ozi na visiwa vya Lamu kwa sababu hakuna msimulizi aliyesimama katikati ya usimulizi kueleza sindano inawakilisha nini.

Yote haya yangekuwa mambo ya ladha tu kama yasingegusa shule. Kijana wa Wiyoni hukutana na riwaya ya Kiswahili kwa njia ya kitabu cha kutahiniwa. Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi: ndizo zilizokuwa au zilizokuja kuwa riwaya za lazima katika shule za sekondari za Kenya. Siku Njema ilipendwa kwa sababu ina safari na kitendawili cha baba aliyepotea, yaani kwa sababu ya sifa zile zile za riwaya pendwa. Nyingine husomwa kwa kalamu nyekundu mkononi, dhamira zikiorodheshwa, na mtihani ukishapita kitabu huuzwa au hurithishwa mdogo mtu. Anayechagua vitabu hivyo amefundishwa fasihi katika idara za vyuo vikuu, na amefundishwa humo kwamba burudani ni jina la kosa. Matokeo yake ni msomaji aliyefaulu katika somo la Kiswahili ambaye, akitaka hadithi ya kumkesha usiku, huitafuta katika Kiingereza au katika simu. Idara inayolalamika kwamba riwaya ya Kiswahili haina soko ingefaa ianze kwa kuchunguza mchango wake yenyewe katika hasara hiyo. Kozi ya riwaya inayoanza na Mzimu wa Watu wa Kale, ikasomwa kwanza kama fumbo linalotakiwa kufumbuliwa na darasa kabla ya sura ya mwisho, haitahitaji fedha zaidi ya bei ya vitabu.

Linabaki suala la lugha, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Mtunzi atakayeipeleka riwaya ya upelelezi Lamu atakutana nalo katika ukurasa wa kwanza wa mazungumzo. Akiwasemesha watu wake Kiswahili sanifu, watasikika kama wakaguzi wa shule walioketi barazani. Akiwasemesha Kiamu kitupu, mchapishaji wa Nairobi atamrudishia mswada. Lakini aina hii ya hadithi ina dawa ambayo riwaya nyingine hazina, kwa sababu ndani yake kila kitu huweza kuwa ushahidi, na matamshi yakiwemo. Mwamu husema mato, yeo, ndia, muyi. Mbajuni aliyekulia visiwa vya kaskazini humwita mtu mchu. Aliyesomea Mombasa hujisahihisha katikati ya sentensi. Wiyoni na mitaa mingine ya pembezoni huwakutanisha wasemaji hawa kisimani na dukani, na kila mmoja hujua mwenziwe ametoka wapi kabla hajamaliza salamu. Barua isiyo na jina ikiokotwa katika daka la nyumba fulani, ikiwa imeandikwa kwa usanifu mtupu, lakini mahali pamoja mwandishi akateleza akaandika ndia badala ya njia, msomaji wa Dar es Salaam atadhani ni kosa la mpiga chapa. Msomaji wa Wiyoni atakuwa amekwisha kumjua muuaji.